Tilly Shilling: Manzi wa Nduthi Aliyetibu Kabureta ya Spitfire kwa Washa Moja

Piga picha hii, msee. Ni mwaka wa 1940. Uko juu ya kusini mwa Uingereza ndani ya Spitfire, na mbele yako kuna Messerschmitt ya Mjerumani. Umemweka kwenye shabaha, kidole kiko kwa kitufe. Ghafla jamaa anasukuma pua ya ndege yake chini na kuzama kama jiwe. Na wewe unasukuma yako umfuate. Hapo ndipo injini yako inakohoa, inatoa moshi mweusi, inakata. Ni kitu ya sekunde chache tu. Lakini nguvu ikirudi, Mjerumani ashaingia mitini. Ama mbaya zaidi, ashazunguka na sasa yuko nyuma yako.

Marubani wa Uingereza waliishi na hii noma vita nzima ya anga ya mwaka huo. Na shida haikuwa risasi, haikuwa mabawa, haikuwa uoga. Shida ilikuwa kabureta.

Aliyekuja kuituliza hiyo kabureta hakuwa jenerali wala profesa wa ndevu. Alikuwa mwanamke wa miaka 32, binti wa mwenye bucha, dem aliyekuwa anakimbiza nduthi kuliko wanaume wengi wa wakati wake. Jina lake Beatrice Shilling. Ndio, Shilling, kama hizi shilingi zako za M-Pesa. Wengi walimjua kama Tilly.

Mtoto wa kununua spana

Beatrice alizaliwa tarehe 8 mwezi wa tatu mwaka wa 1909, pale Waterlooville, kusini mwa Uingereza. Cheki hiyo tarehe vizuri, siku hizi dunia nzima inaiadhimisha kama Siku ya Wanawake. Yeye alifika mapema.

Wakati watoto wengine walikuwa wanamaliza pesa zao kwa peremende, huyu alikuwa ananunua visu vya mfukoni, gundi na vifaa vya kazi. Akiwa na miaka 12 alishinda zawadi kwa shindano la Meccano, vile vyuma vidogo vya kuunganisha na nati. Akiwa na miaka 14 akajinunulia nduthi. Hakuinunua tu apige nayo mizunguko ya mtaa. Aliifungua, akaitandaza chini vipande vipande, akairudisha ikawa inanguruma.

Wale mmewahi kufungua kitu ya mzae kisiri halafu mkabaki na nati mbili mkononi, mnaelewa huo ni mtihani gani.

Ukweli ni kwamba kwa msichana wa enzi hizo, kupenda injini ilikuwa karibu aibu. Kazi zilizokuwa zimepangwa kwa wanawake zilijulikana, na hakuna iliyokuwa na grisi ndani yake. Lakini Beatrice akapata bahati ya kukutana na mwanamke mwingine mkaidi kama yeye, mhandisi Margaret Partridge, aliyekuwa anaendesha kampuni yake ya kuweka stima mashinani. Beatrice akaajiriwa hapo. Kwa miaka 3 akavuta nyaya na kufunga majenereta, na Margaret ndiye aliyemsukuma aende chuo.

Akaenda Manchester. Kwenye darasa la uhandisi wanawake walikuwa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vingine vingebaki. Mwaka wa 1932 akamaliza digrii ya uhandisi wa umeme. Mwaka uliofuata akaongeza ya pili, ya uhandisi wa mitambo. Hakuwa na haraka ya kutoka chuo, alikuwa na haraka ya kujua.

Maili 106 kwa saa, juu ya saruji

Wikendi zake hazikuwa za kuchill. Kulikuwa na uwanja wa mashindano unaitwa Brooklands, katika jimbo la Surrey. Ulifunguliwa mwaka wa 1907, ukiwa na barabara ya saruji iliyoinuka pembeni kama ukuta wa bakuli. Kadiri miaka ilivyoenda ndivyo saruji ilivyozidi kupasuka, na ukipita na kasi, nduthi inaruka kama mbuzi.

Pale Brooklands kulikuwa na heshima moja iliyotafutwa sana, beji ya nyota ya dhahabu. Ilikuwa ndogo, ya kubandika kifuani. Kuipata ulitakiwa kuzunguka uwanja kwa zaidi ya maili 100 kwa saa ukiwa ndani ya shindano. Hiyo ni kama kilomita 160. Hakuna suti za kisasa, hakuna breki za kisasa, na tairi zilikuwa nyembamba.

Mwaka wa 1934, Beatrice alipanda Norton yake ya sisi 500, aliyoichokonoa mwenyewe mpaka ikakubali, na akazunguka kwa maili 106 kwa saa. Karibu kilomita 170. Beji ikawa yake. Katika historia yote ya Brooklands, wanawake waliopata hiyo nyota kwa pikipiki ni watatu tu. Na kwenye hayo mashindano hakuwa anakimbizana na wanawake. Aliwaacha vumbini wanaume waliokuwa wanalipwa kukimbia.

Mtu wake aliitwa George Naylor, naye pia alipenda nduthi. Kuna stori imezunguka miaka mingi kwamba Beatrice alikataa kuolewa naye mpaka na yeye apate nyota yake ya dhahabu. Iwe kweli ama iwe chumvi, George aliipata nyota, na harusi ikafanyika mwaka wa 1938. Mahari ya aina yake hiyo.

Kazi ya karatasi, halafu kazi ya kabureta

Mwaka wa 1936 Beatrice aliingia Farnborough, kwenye taasisi kubwa ya serikali ya Uingereza ya kufanyia ndege utafiti. Unajua walimpa kazi gani? Kuandika. Mtu wa digrii mbili za uhandisi na nduthi ya maili 106 aliwekwa kwa dawati aandike vitabu vya maelezo ya injini.

Hakukaa hapo. Alisukuma mpaka akahamia upande wenyewe wa injini, na baada ya muda akawa ndiye kichwa cha utafiti wa kabureta. Kumbuka huu ni wakati ambapo mwanamke wa kazi ya serikali Uingereza akiolewa, kwa kawaida alitarajiwa kufunga virago arudi nyumbani. Beatrice aliolewa na akabaki kazini. Hiyo peke yake ilikuwa vita.

Halafu vita yenyewe ikafika.

Hebu tuelewane kuhusu kabureta

Sasa hapa lazima tufungue boneti kidogo, ndio uelewe kwa nini huyu dem ni legendi.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa kwa kipimo kinachofaa. Petroli ikizidi injini inalewa. Ikipungua inakufa njaa. Ndani yake kuna kikopo kidogo cha kuweka petroli ya karibu, na ndani ya kikopo kuna floti, kile kiboya kinachoelea. Petroli ikijaa, floti inapanda na kufunga mlango. Ikishuka, mlango unafunguka. Ni ujanja ule ule wa tangi la choo la maji. Boda nyingi za mtaani bado zina hiyo kitu mpaka leo.

Lakini cheki udhaifu wake. Floti inafanya kazi kwa sababu petroli inakaa chini. Sasa weka hiyo kabureta kwa ndege, halafu sukuma pua chini kwa nguvu. Kila kitu ndani kinarushwa juu, wewe mwenyewe unaning'inia kwa mikanda. Petroli inapaa kwenye dari ya kikopo na kuacha matundu ya chini makavu. Injini inakohoa kwa njaa. Hiyo ni awamu ya kwanza.

Awamu ya pili ndiyo inaua. Floti imechanganyikiwa, haijui juu ni wapi, kwa hivyo mlango unabaki wazi kabisa. Pampu nayo inaendelea kusukuma petroli kwa presha. Kikopo kinafurika, injini inamezeshwa petroli mpaka inazama, moshi mweusi unatoka, nguvu inakata.

Injini ya Spitfire na Hurricane ilikuwa Rolls-Royce Merlin, na kabureta yake ilikuwa ya kampuni ya SU. Wajerumani kwa upande wao walikuwa na injini ya Daimler-Benz inayopigwa petroli moja kwa moja ndani ya silinda, bila floti. Wao wakizama, injini haijali. Wakishabaini hiyo siri ikawa ndio njia yao ya kukwepa: unasukuma pua chini, unaenda zako. Mwingereza alilazimika kwanza kuigeuza ndege miguu juu ndio azame akiwa kichwa chini, petroli ibaki mahali pake. Hapo ashapoteza muda, na angani muda ndio uhai.

Dawa ya ukubwa wa sarafu

Kubuni kabureta mpya kungechukua muda mrefu, na watu walikuwa wanakufa sai. Beatrice akaitazama shida kama fundi wa nduthi. Huwezi kuzuia petroli isiruke juu. Lakini je, ukizuia ile mafuriko?

Akapiga hesabu: injini ikiwa na nguvu zote, inakunywa petroli kiasi gani? Kisha akatengeneza kipande kidogo cha chuma chenye tundu katikati. Tundu lilipimwa lipitishe kiasi hicho tu, si zaidi. Kikawekwa kwenye bomba la petroli kabla tu ya kabureta. Mwanzoni kilikuwa na umbo la kofia ndogo ya kushonea, baadaye kikawa bapa kabisa, kama washa ya kawaida unayopata kwa jua kali.

Sasa rubani akizama, mlango wa floti unaweza kufunguka upendavyo, lakini petroli inayopita haiwezi kufurika. Injini ingekohoa kidogo, basi. Haikati tena. Na utamu wenyewe ni kwamba ndege haikuhitaji kurudishwa kiwandani. Unafungua bomba, unaweka, unafunga, rubani anapaa.

Mwezi wa tatu mwaka wa 1941, Beatrice na timu ndogo walianza kuzunguka kambi za ndege za vita wakiviweka hivyo vipande. Yeye mwenyewe alikuwa anafika na Norton yake ya mashindano. Fikiria wewe ni askari wa lango, ni vita, halafu nduthi ya Brooklands inafika ikinguruma, anashuka mwanamke mwenye begi la spana na kuuliza Spitfire ziko wapi.

Marubani, vile wanajeshi walivyo, waliibatiza hiyo kitu jina la mzaha. Wakaiita tundu la Miss Shilling. Ndiyo, walimaanisha kile unachofikiria. Lakini walikuwa wanacheka wakiwa hai, na wengi wangependa kucheka hivyo mwaka mmoja mapema.

Tusidanganyane, haikuwa dawa ya milele. Kuruka kichwa chini kwa muda mrefu bado kulileta shida. Vile vipande vilishikilia laini mpaka mwaka wa 1943, wakati kabureta mpya za presha zilipoanza kuingia. Lakini hiyo miaka 2 ndiyo iliyohitajika.

Wakati huo huo George, bwanake, alikuwa anarusha ndege za kubeba mabomu. Kwa hivyo kila usiku Beatrice alipokuwa anafikiria injini zinazokata angani, hakuwa anafikiria hesabu ya kitabuni. Alikuwa na mtu wake huko juu.

Baada ya vita: ndai ndogo, kelele kubwa

Vita ilipoisha, serikali ilimtunuku nishani ya OBE. Akaendelea na kazi Farnborough mpaka mwaka wa 1969. Alifanya kazi kwenye roketi ya Blue Streak, na akachunguza vile ndege inateleza ikishika breki kwenye lami iliyolowa. Ukitua siku ya mvua na ndege ikasimama salama, kuna watu kama yeye waliumiza kichwa kwa ajili yako.

Na mbio? Hakuacha. Alihama tu kutoka magurudumu mawili hadi manne. Mwishoni mwa miaka ya 50 na mwanzo wa 60, yeye na George walikuwa wanakimbiza Austin-Healey Sebring Sprite, ndai ya michezo ya Kiingereza, fupi na nyepesi. Walikuwa ashapita 50 huyu mama, lakini kazi nyingi ya kuiboresha waliifanya wenyewe, kwenye karakana ya nyumbani. Walipata nafasi ya tatu mara kadhaa, na wakashinda mara moja.

Sprite ya kawaida ilitoka kiwandani mwaka wa 1958 na kabureta mbili za SU. Umesoma vizuri, SU ile ile, japo hizi za gari ni ndogo na zimeundwa tofauti na za ndege. Herufi zenyewe zinatoka kwa familia ya Skinner, watu waliokuwa wanajulikana kwa biashara ya viatu, na kabureta zao za kwanza zilikuwa na kiriba cha ngozi ndani. MG, Jaguar, Austin-Healey, zote zilipumua kwa SU.

Na kwa sababu najua kuna msee hapa ana mjomba mwenye MG imelala kwa garaji ikingoja siku ya maonyesho ya Concours pale Ngong Racecourse, tuambiane ukweli kwa njia ya Beatrice: tafuta chanzo kabla ya kununua kitu.

Ndani ya SU kuna pistoni inayopanda injini ikivuta hewa, na sindano iliyochongoka inapanda nayo kutoka kwa jeti. Ukitaka kuipima, zima gari, inua hiyo pistoni na kidole, iachie. Ikishuka laini na kugonga chini, iko sawa. Ikikwama, safisha. Kwa juu kuna kifuniko chenye fimbo, chini yake kuna oili nyepesi. Ikikauka, gari linasitasita ukikanyaga mafuta ghafla, na watu wengi wameuza ndai nzuri kwa sababu ya matone machache ya oili. Petroli ikimwagika nje, laumu floti na sindano ya mlango wake kwanza, mara nyingi ni uchafu tu. Gari likikataa kutulia likiwa limesimama, angalia kama ekseli ndogo ya kufungulia hewa imelika, kwa sababu hapo hewa ya wizi inaingia.

Kabureta zikiwa mbili, lazima zivute sawa. Wazee wa kazi wanatumia kipande cha mpira wa maji: upande mmoja kwa sikio, upande wa pili kwa mdomo wa kabureta. Sikiza mvumo wa kwanza, sikiza wa pili, rekebisha mpaka zifanane. Na kabla ya hayo yote angalia plagi, pointi na valvu. Shida nyingi zinazosingiziwa kabureta ni za moto.

Kuchagua nako kusikuumize. Kama unataka gari la kutembea, baki na SU. Stromberg zinafanana nazo kwa kazi, ila zina ngozi ya mpira ndani, na ikipasuka gari linakosa nguvu kabisa. Weber za Italia ndizo tamu kwa mbio na sauti yake ni balaa, lakini zinataka jeti za saizi kamili, fundi anayejua, na mfuko usiolia ukifika petroli stesheni. Usinunue Weber ukiwa na shida ya plagi.

Shilingi haikupotea

Beatrice Shilling alikufa tarehe 18 Novemba 1990, akiwa na miaka 81. Chuo kikuu cha Surrey kilikuwa kishampa udaktari wa heshima. Leo kuna jengo la chuo la Royal Holloway lenye jina lake, kuna baa Farnborough inaitwa Tilly Shilling, na tangu mwaka wa 2015 beji na vikombe vyake vya mbio viko kwa makumbusho ya Brooklands, pale pale alipokimbilia.

Mimi niliacha chuo katikati, sitawadanganya. Kwa hivyo sikuandika hii stori kuwaambia digrii ndio kila kitu, wala kwamba si kitu. Yeye alikuwa nazo mbili na bado walimweka kwa dawati aandike. Kilichomtoa hapo ni kwamba alikuwa ameshika spana tangu akiwa mtoto, na shida ilipokuja na mchoro wa kabureta yenyewe mkononi, aliona kitu cha kufanya wiki hii, si cha miaka 3 ijayo.

Siku ile boda yako itaanza kuvuja petroli karibu na mguu na jamaa aigonge kabureta kidogo na kichwa cha bisibisi, ujue anaiamsha floti iliyokwama. Ukishuka, mpigie stori ya Tilly. Usisahau kumlipa shilingi zake.